Somo: Projekta imo kabatini, mkuu wa shule aanzie wapi? (hatua kwa hatua)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Wiki iliyopita mwenzangu wa Buhigwe alinipigia: "Mkuu, tumeletewa projekta na laputopu mbili, nazifanyia nini?" Nikamjibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika saba, halafu nikaona heri niandike hapa kwenye jukwaa letu, maana swali hilo tunalo wengi. Mimi naongoza sekondari ya kata huku Kigoma Vijijini.

Nianze kwa kukiri. Projekta yetu ya kwanza ilikaa kwenye kabati la ofisi yangu karibu mwaka na nusu. Ufunguo ulikuwa kwenye pete moja na funguo za stoo na za nyumbani kwangu. Ilitoka siku walipokuja wathibiti ubora, na siku ya mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu akiitaka, mpaka anikute. Nikiwa mjini kikaoni, basi tena. Nilijidai natunza mali ya serikali.

HATUA YA 1: Uliza mada, usiulize kifaa

Kosa letu wakuu ni kuanza na mashine: imeshakuja, tuitumie wapi? Geuza. Kila mwaka NECTA (Baraza la Mitihani) hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unaoonyesha swali lipi liliwashinda watoto na walipotelea wapi. Wengi wetu tunaangalia shule imeshika nafasi ya ngapi wilayani, tunafunga. Chukua uchambuzi huo, weka kando yake matokeo yenu ya kidato cha pili, mwite mwalimu wa taaluma na wakuu wa idara, kila idara ichague mada mbili. Mbili tu.

Kwetu Biolojia walichagua mzunguko wa damu, Fizikia wakachagua umeme, Kiingereza wakataka sauti za kusikiliza matamshi. Ni mambo ambayo ubaoni hayatembei wala hayasikiki. Mada ambayo chaki inaitosha, iachieni chaki. Mwalimu wa Hisabati akiniletea slaidi za kutatua milinganyo namrudisha ubaoni, kwa sababu mtoto anahitaji kuuona mkono ukikokotoa, ukikosea, ukifuta, ukiendelea.

Peru waligawa laputopu zaidi ya milioni moja bila kuzifungamanisha na ufundishaji, na ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasema ujifunzaji haukupanda. Hiyo ni nchi nzima na hela yake. Sisi wa projekta moja tuna nini cha kupoteza ovyo?

HATUA YA 2: Hesabu ulichonacho

Pita na leja, chumba kwa chumba. Andika vizima, vibovu, na vilivyoko majumbani kwa walimu. Vishikwambi vile walimu walivyopewa baada ya Sensa ya Agosti 2022, uliza kila kimoja kiko wapi. Kwetu kimoja kilikuwa cha mtoto wa mwalimu kuchezea magari. Sikumgombeza mtu, nilisema kwenye kikao kwamba Jumatatu kila kishikwambi kije shuleni na chaji yake, na Jumatatu vikaja.

HATUA YA 3: Ufunguo utoke ofisini kwako

Hii ndiyo iliyonichukua muda. Ufunguo sasa anao mwalimu wa TEHAMA, wa akiba anao makamu. Kuna daftari la kutoa na kurudisha: jina, kidato, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali ya kifaa. Kuna ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani ofisini kwa walimu, na mwalimu anajaza kipindi chake kabla ya Ijumaa. Aliyejaza asipotokea, mwingine achukue. Muhula wa kwanza wa utaratibu huu projekta ilitumika zaidi kuliko ule mwaka wote na nusu wa kabatini, na bado ni nzima.

HATUA YA 4: Fundisha kipindi kimoja wewe mwenyewe

Usitume watu mahali ambapo hujafika. Mimi nilifundisha Jiografia kidato cha tatu, waya ukagoma, nikahangaika mbele ya wanafunzi themanini hadi binti mmoja wa mstari wa mbele akaniambia, "Mwalimu, hujawasha huku." Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Habari ilifika kwa walimu kabla sijafika mimi, na kuanzia siku hiyo waliokuwa wanaogopa kuaibika wakapungua.

HATUA YA 5: Walimu wafundishane

Semina ya siku moja ya mgeni kutoka mjini, soda na posho, imekwisha jioni ileile. Kinachofanya kazi ni jumuiya za kujifunzia zilizomo kwenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ilimradi zisiwe za kujaza fomu. Sisi tunakaa Alhamisi kuanzia saa tisa na nusu, kwa muda wa saa moja, na kila kikao kina mada moja kutoka ile orodha ya Hatua ya 1.

Panga watu wawili wawili. Kijana aliyetoka chuo juzi anajua mashine; mzee wa miaka ishirini kazini anajua mahali watoto wanapopotea. Ukiwaacha kila mmoja peke yake, kijana atapiga slaidi arobaini kwa kipindi na mzee hatagusa kitu. Nina mwalimu mmoja wa Kemia, mtu mzima, alikuwa akiniambia macho yake hayataki mwanga. Kumbe alikuwa hajui kuwasha laputopu na hataki kuulizia kwa wadogo zake. Nilimpa kijana wa kutayarisha naye, nikasema wazi kwamba mzee ndiye kiongozi wa somo na kijana ni fundi wake. Heshima ikabaki mahali pake. Sasa huyo mzee ndiye anayegombania ratiba.

Kuhusu vifaa vya kufundishia, msianze kutengeneza kila kitu wenyewe. Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada bila malipo: mtu akienda mahali penye mtandao mzuri anapakua, mnagawana kwa flashi. Kuna programu ya Kolibri, inahifadhi masomo na kufanya kazi bila intaneti kabisa. Kwa sayansi kuna PhET, majaribio ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya Fizikia. Ni bure, mengi yamewekwa hadi Kiswahili, na ukishapakua huhitaji bando.

HATUA YA 6: Beba kiti, kaa nyuma

Hapa ndipo kazi ya mkuu ilipo, na ndipo tunapokimbia. Hatukosi sababu: ugeni, kikao, ripoti inatakiwa leo.

Nilikaa nyuma kwenye kipindi cha Fizikia kidato cha pili, mada ya umeme. Madirishani wamefunga kanga na kipande cha turubai ili picha ionekane. Mwalimu alikuwa amejiandaa vizuri. Kwa dakika ishirini na tano alibofya, akaunganisha waya, akawasha taa, akazima, huku watoto wametulia tuli kama wako kibanda umiza. Nilihesabu maswali aliyouliza: mawili. Yote yalikuwa "Tumeelewana?" na yote yalijibiwa "Ndiyooo."

Sikumwambia kitu mbele ya darasa. Baadaye tukakaa chini ya mwembe, nikamuuliza swali moja: "Wakati unabofya, wao walikuwa wanafanya nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Walikuwa wanatazama." Tukapanga upya pamoja.

Wiki iliyofuata nilirudi na kiti changu. Safari hii aliweka picha ya betri moja na taa mbili zinazofanana, zimefuatana kwenye waya mmoja, kisha akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Ipi itang'aa zaidi? Kila mtu aandike kwenye daftari." Wakaandika. "Sasa mwambie jirani yako kwa nini." Hapo darasa lilichemka. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, najua, lakini ubishi wa kweli ulikuwa wa Kiswahili, na pale nyuma nilipokaa ulikuwa wa Kiha, lugha ya nyumbani huku. Wengi walisema taa ya kwanza, kwa sababu umeme unafika kwake kwanza, wa pili anapata mabaki. Ndipo mwalimu akabofya. Taa zote mbili zikawaka sawasawa. Mguno ulivyopita darasani! Kijana mmoja akasimama bila kuitwa: "Mwalimu, ongeza ya tatu." Ikaongezwa, zote zikafifia kwa pamoja.

Kompyuta ilikuwa ileile na mada ileile. Kwa hiyo nikikaa nyuma siku hizi siandiki kama kifaa kimetumika. Naandika mambo matatu: watoto walikisia nini kabla ya kuonyeshwa, waliandika nini, na nani alizungumza zaidi. Mwalimu huyo sasa nampeleka kukaa nyuma kwa wenzake.

HATUA YA 7: Madogo yanayoua vifaa

Radi. Mvua zikianza huku, mawingu yakijikusanya, chomoa kila kitu ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Vumbi: chujio la projekta lisafishwe kila mwezi, na ukimaliza kipindi acha feni ipoze taa kabla ya kung'oa waya. LUKU: tenga fungu lake kwenye bajeti ya shule, msije mkakatikiwa katikati ya kipindi. Na picha za wanafunzi zisirushwe kwenye "status" za walimu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa mwenzio si tangazo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu mkuu, Uvinza: Shikamoo mkuu. Shule yangu ni ya msingi, haina umeme. Somo hili linanihusu kweli?

Marahaba mwalimu. Linakuhusu, ila piga hesabu kabla ya kununua sola. Chukulia projekta ya wati 250 na laputopu ya 60, jumla 310. Kwa vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 unahitaji kama wati-saa 413. Ukiweka na upotevu wa inveta (kigeuza umeme wa betri), fanya 500. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Ni vipindi viwili kwa siku, na paneli ya sola ya kama wati 200 iirudishie betri chaji. Mimi ningekuwa wewe ningeiacha projekta ninunue televisheni ya inchi 43: nyingi zinakula chini ya wati 100 na zinaonekana bila kufunga madirisha. Wa nyuma hawataona maandishi madogo, basi onyesha picha na video, maandishi yabaki ubaoni. Kwa watoto wa madarasa ya chini, vipindi vya katuni za elimu vya Ubongo Kids na wenzake vinafaa, ukivisimamisha kila baada ya dakika chache uulize.

Mkuu wa shule, Nzega: Umesema ufunguo utoke. Kikiibwa je? Anayejibu ni mimi.

Kweli ni wewe, ndiyo maana kuna daftari. Kikiharibika wakati wa kufundisha, mwalimu aandike maelezo siku hiyohiyo na yaingie kwenye faili. Kikiibwa, polisi kwanza upate RB (namba ya taarifa ya polisi), halafu barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Chumba kiwe na nondo na mlinzi ajue kilichomo. Mimi sijapotelewa na kifaa tangu ufunguo utoke. Nilipotelewa na flashi mbili wakati ule ninao mwenyewe.

Mzazi, Ujiji: Mnatuambia watoto wasije na simu shuleni, halafu jioni mwanangu anachukua yangu anasema ana "home work". Nikichungulia, akili mnemba (AI) inamwandikia insha nzima.

Mama, hapo kosa ni la kwetu zaidi kuliko la mtoto. Swali la "eleza faida tano za misitu" mashine inalijibu kwa sekunde. Nimewaambia walimu watoe kazi ambayo lazima mtoto atoke nje: apime, amuulize babu yake bei ya mawese na dagaa ilikuwaje zamani, achore ramani ya njia ya kuja shule. Na kesho yake asimame aeleze kwa mdomo kwa dakika mbili bila daftari. Aliyeandikiwa anajulikana kabla ya sentensi ya tatu. Wewe nyumbani msaidie kwa hili moja: simu itumike sebuleni, si chumbani.

Mwalimu wa ajira mpya, Kasulu: Mkuu wangu ni kama wewe wa zamani. Ufunguo uko mfukoni kwake. Nifanyeje bila kuonekana najifanya mjuaji?

Mdogo wangu, usimpelekee lalamiko wala usilipeleke ofisi ya kata. Chagua mada moja inayowashinda watoto, andaa andalio la somo kamili, nenda nalo asubuhi kabla hajaelemewa na wageni. Mwambie: "Mkuu, naomba projekta kipindi cha tatu hadi cha nne, naijaza mwenyewe kwenye daftari, saa tano naileta mkononi mwako." Irudishe saa tano kasoro, imefutwa vumbi, waya umekunjwa vizuri. Fanya hivyo mara tatu. Mara ya nne mwombe aje aone watoto wanavyobishana, na asubuhi hiyo wahi darasani umwekee kiti nyuma.