Namna ya Kukadiria Uzito wa Kila Sarafu Ndani ya Kapu

Wafanyabiashara wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanaoagiza bidhaa China huuliza mara kwa mara kama yuani hufuata dola tu au husikiliza na sarafu nyingine. Swali hilo ni la msingi kwa yeyote anayepanga lini anunue fedha za kigeni, na mtu mwenye kompyuta yenye Excel anaweza kulijibu mwenyewe, kwa kuwa sarafu inayoongozwa na kapu, yaani kundi la sarafu kadhaa ambazo kila moja imepewa uzito wake, huonyesha kapu hilo katika mabadiliko yake ya kila wiki.

Anza na sarafu ambayo jibu lake linajulikana. Dirhamu ya Moroko inafaa sana: tangu Aprili 2015 kapu lake ni yuro asilimia 60 na dola asilimia 40, na hadi Januari 2018 iliruhusiwa kuyumba kwa asilimia 0.3 tu juu au chini. Kusanya bei za dirhamu na yuro kwa dola za kila Ijumaa za mwaka 2016 na 2017, kisha tafuta badiliko la logi kutoka wiki hadi wiki, yaani logi ya bei ya wiki hii kutoa logi ya bei ya wiki iliyopita. Usitumie bei zenyewe, maana bei mbili zinazopanda pamoja kwa muda mrefu huweza kuonekana zina uhusiano hata pale usipokuwapo.

Ugumu wenyewe uko katika sarafu ya kupimia. Ukipima kila kitu kwa dola, dola haina badiliko lolote, na uzito wake hauwezi kukadiriwa moja kwa moja. Wanauchumi Jeffrey Frankel na Shang-Jin Wei, katika kazi yao ya mwaka 1994, walipima kwa faranga ya Uswisi. Mimi napendelea kuweka sharti kwamba uzito wote ujumlike kuwa 1, kwani hapo unaweza kupima kwa dola bila hofu na kuupata uzito wa dola kama salio. Yuro ikipanda asilimia 1 dhidi ya dola, na dirhamu ikapanda asilimia 0.6, yuro ina 0.6 na dola 0.4. Amri ya LINEST ya Excel, inayotafuta mstari unaolingana vizuri zaidi na data, hufanya hesabu hiyo kwa wiki zote kwa pamoja. Isipokupa namba iliyo karibu na 0.6, rudi ukague tarehe zako kabla ya kwenda mbele.

Ndipo uhamie kwenye yuani, ukiongeza yeni na pauni. Dola ya Hong Kong iache nje, kwa sababu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1983 na hesabu haiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo, usishangae uzito wa dola ukizidi asilimia 26.4 iliyotajwa katika kapu la sarafu 13 ambalo China ilitangaza Desemba 2015, kwani ndani ya uzito uliokadiria mna pia sehemu ya dola ya Hong Kong. Rudia hesabu kwa kila wiki 52, ukisogeza dirisha hilo polepole, kwa kuwa wasimamizi wanaweza kubadilisha uzito bila kutangaza. Namba isiyobadilika ambayo LINEST hutoa pembeni nayo isomwe: ikiwa chini ya sifuri kwa kiasi kinachozidi mara mbili ya kosa lake la makadirio, sarafu inateremshwa taratibu hata kapu likiwa limetulia.

Na R ya mraba, yaani kipimo cha kati ya 0 na 1 kinachoonyesha kapu linaeleza kiasi gani cha mabadiliko ya sarafu, ikiwa ndogo, usiuamini uzito wowote uliopata, kwa kuwa sarafu hiyo haiongozwi na kapu ulilolikisia.