Gari la tabo linachemsha? Usikimbilie kuing'oa tabo

Kaskazi ikishika Malindi, gereji hujaa Subaru Forester za tabo na Toyota Prado za dizeli zenye ugonjwa mmoja, na mwenye gari huja na jibu lake tayari: "Fundi, tabo ndiyo inachemsha." Ni nadra sana iwe tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi. Kuongeza joto, inaongeza kweli. Kwenye injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo, moshi unaoizungusha tabo hufika karibu nyuzi 900, na sehemu ya joto hilo huishia kwenye maji na oili. Lakini waliolitengeneza gari walilijua hilo wakaweka rejeta ya kulimudu. Gari likianza kuchemsha, kuna mahali maji au upepo umekwama. Huu ndio utaratibu wa kupatafuta, ukianza na vitu vya bei rahisi. Kufungua injini kuje mwisho.

Hatua ya 1: Ukiwa bado barabarani

Zima AC. Fungua hita hadi mwisho pamoja na feni yake. Ndiyo, utatokwa jasho, lakini hita hupitishiwa maji yale yale ya injini, kwa hiyo joto linaloingia ndani ya gari ni joto linalotoka kwenye injini. Ikiwa hita inapuliza hewa baridi ilhali mshale uko juu, maji yameisha au yana hewa ndani. Simama.

Mshale ukiwa umepanda kidogo tu na hakuna mvuke, toka barabarani, iache injini ingurume bila mzigo kwa dakika moja au mbili, ndipo uzime. Hapo tabo inaendelea kupata oili na maji. Lakini mshale ukifika kwenye nyekundu, au mvuke ukitoka kwenye boneti, zima papo hapo na usiihurumie tabo. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni ghali zaidi.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Rejeta yenye mfuniko wa bar 1.1 inaweza kushika maji ya nyuzi 120 yasichemke, kwa sababu yamebanwa na presha. Ukifungua, presha inatoka na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyee vizuri mkononi. Na wale wenye huruma wanaokuja na ndoo kuimwagia injini maji baridi, washukuru, halafu wazuie. Hedi ya alumini ikipoa ghafla upande mmoja hupinda au hupasuka.

Hatua ya 2: Linachemsha wakati gani?

Swali hili huokoa pesa kuliko spana yoyote.

Likichemsha mjini, ukiwa umekwama nyuma ya tuktuk karibu na soko, kisha likapoa ukitoka barabara kuu, shida ni upepo wa feni. Ukienda kasi, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ndiyo maana linapoa.

Likiwa zuri mjini lakini likapanda ukikaza mwendo na mzigo, tuseme njia ya Sala Gate kuelekea Tsavo Mashariki huku AC imewashwa na watu watano ndani, basi maji hayapiti ya kutosha. Rejeta imeziba, thamostati (kilango kinachofunguliwa na joto kupitisha maji kwenda rejeta) haifunguki yote, au pampu imechoka.

Likipanda na kushuka bila mpango, mara juu mara sawa, kuna hewa kwenye maji. Hewa hiyo ama iliachwa na fundi aliyejaza vibaya, ama inaingizwa na gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na injini) iliyoungua.

Mshale wa dashibodi usiuamini sana. Kwenye magari mengi ya Kijapani umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda nyuzi nyingi, na ukija kusogea umeshachelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha kuchomeka chini ya usukani, kiunganishe na simu, usome nyuzi zenyewe. Kati ya 85 na 95 gari liko sawa. Likipita 105, simama.

Hatua ya 3: Maji, na aina ya maji

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko utazame. Maji yenye rangi ya kutu, au yenye ute wa kahawia, tayari yamekupa nusu ya jibu.

Huku pwani ndipo penye shida yetu kubwa. Visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Ukiyaonja utajua. Mtu akichemsha barabarani, maji ya karibu ndiyo hayo. Chokaa hujijenga ndani ya vimirija vya rejeta, chumvi inakula alumini, na baada ya misimu michache rejeta inayong'aa kwa nje imekufa kwa ndani. Kujaza maji ya kisima siku ya dharura si dhambi. Kuyaacha humo ndiyo dhambi.

Tumia kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) iliyokwisha kuchanganywa, au changanya mwenyewe nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa kuongezea betri. Soma kibandiko kwanza, kwa sababu madukani ipo pia asidi ya betri, na chupa zafanana. Wengine huniambia, "Malindi hakuna barafu, kulanti ya nini?" Barafu hatuna, lakini tuna kutu, na dawa ya kuzuia kutu imo ndani ya kulanti. Rangi isikudanganye: kijani ya kampuni moja si lazima ipatane na kijani ya nyingine, na zisizopatana huganda ndani. Kama hujui iliyomo, mwaga yote, suuza, anza upya.

Dawa za kuziba rejeta usitie. Wala yai, wala bizari. Bizari ni ya pilau. Vitu hivyo haviangalii tundu la kuziba, na kwenye gari la tabo kuna vijibomba vyembamba vinavyopeleka maji kwenye beringi za tabo. Hivyo ndivyo huziba mwanzo.

Hatua ya 4: Mfuniko

Kagua mpira na springi yake. Ukilegea, presha haishiki, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye tanki la akiba. Subaru ya tabo ina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye tanki dogo la juu karibu na tabo, na springi zake hazilingani nguvu. Isibadilishwe nafasi. Magari yenye mifuniko iliyogeuzwa baada ya servisi ni mengi, na mwenyewe hana habari.

Hatua ya 5: Rejeta kwa nje

Piga magoti mbele ya gari na tochi. Utaona kondensa ya AC, inayofanana na rejeta, na nyuma yake rejeta yenyewe. Uchafu unaochemsha gari hukaa katikati ya hizo mbili, mahali ambapo muosha magari hapafikii: mchanga, manyoya ya mbegu, wadudu wa usiku wa barabara ya Garsen. Legeza rejeta uisogeze, kisha pitisha maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha usiikaribishe, hulaza mapezi yote, vile vibati vyembamba kati ya mirija ya rejeta.

Sasa gusa mapezi kwa kidole, hasa ya chini. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, au yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, mapezi hupukutika kama biskuti iliyolowa chai. Yakifikia hapo hakuna cha kuosha. Mirija inaweza kuwa mizima na maji yapite vizuri, lakini bila mapezi joto halina pa kutokea. Nunua rejeta nyingine.

Angalia pia plastiki za pembeni na ile sahani ya chini ya injini. Mafundi wengi huzitupa kwa uvivu wa kurudisha bolti. Bila hizo upepo hupita kando ya rejeta badala ya kupita ndani yake.

Hatua ya 6: Feni

Washa injini, washa AC. Feni lazima zizunguke. Zisipozunguka, anza na fyuzi na rilei, kisha plagi ya feni yenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi, plagi hiyo huota ukungu wa kijani, na mara nyingi kuisugua tu kunamaliza kazi. Prado ya dizeli yenye feni ya klachi (inayozungushwa na injini, si umeme), zima injini iliyopata moto kisha uizungushe feni kwa mkono. Ikizunguka huru bila kizuizi, klachi imekwisha.

Hatua ya 7: Thamostati

Mtindo wa "itoe tu, nchi hii ni ya joto" uachwe. Kwenye injini nyingi, zikiwemo za Toyota, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji haipoi kamwe. Umeongeza tatizo.

Ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Nambari iliyochapwa juu yake, 76 au 82 au nyingineyo, ndiyo nyuzi inazoanza kufungukia. Utaona uzi wa mwanga ukitokea ukingoni, kisha sahani inashuka taratibu. Kabla maji hayajachemka iwe imefunguka vizuri, karibu milimita 8 au zaidi. Ikikwama katikati, itupe.

Hatua ya 8: Gasketi ya hedi

Hapa usikisie. Kuna kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka. Yakigeuka njano kwenye petroli, au kijani kwenye dizeli, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mapovu yasiyokoma kwenye tanki la akiba, na mpira wa juu uliokakamaa asubuhi kabla hujawasha.

Hedi ikishatoka, ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwenye hedi nyingi za alumini, zaidi ya milimita 0.05 inahitaji kupelekwa mashine. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa baharini. Injini ya 1KZ-TE ya Prado, ikaguliwe na nyufa pia, maana hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikishachemsha.

Hatua ya 9: Kujaza na kutoa hewa

Paki pua ya gari ikitazama juu, hata kwenye kilima kidogo. Fungua hita. Jaza polepole. Subaru ya tabo ijazwe kupitia tanki la juu, kwa sababu hapo ndipo hewa hukimbilia. Minya mipira kwa mkono, washa injini, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Linganisha maji uliyotoa na uliyorudisha. Ukitoa lita 7 na zikaingia 4, zile 3 zilizobaki ni hewa.

Hatua ya 10: Sasa tabo

Kama yote yamepita, kagua vijibomba vya maji na oili vya tabo kama vimeziba au vinavuja, na mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kama imepasuka. Oili ibadilishwe kwa wakati, kwani iliyozeeka huungua na kuwa makaa kwenye beringi. Na ukitoka safari ya kasi, kilomita ya mwisho iende taratibu.

Jaribio: toka mjini, vuka daraja la Sabaki, fika Gongoni na urudi, AC ikiwa imewashwa na simu ikisoma nyuzi. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, weka alama kwa kalamu kwenye tanki la akiba. Baada ya wiki itazame tena. Maji yakiwa yameshuka na hakuna mahali panapovuja, rudi hatua ya 8.