Kumkinga Mtoto na Unene Uliopitiliza kwa Kipato Kidogo
Mzazi wa Dar es Salaam anayeishi kwa kipato cha kutwa anaweza kumkinga mwanawe na unene uliopitiliza bila kununua chakula cha pekee, na mahali pa kuanzia ni kinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na zaidi ya gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai; kwa hiyo fedha ya soda inunue dagaa au fungu la mchicha, na mtoto anywe maji yaliyochemshwa.

Mafuta uliyonunua kwa kupimiwa dukani yapime tena jikoni kwa kijiko, usiyamimine sufuriani kwa kukadiria. Pakua ugali kulingana na umri wa mtoto, ongeza maharage na mboga, wala usimlazimishe kumaliza sahani akisema ameshiba. Jambo hili ni gumu kwetu tuliolelewa kuona chakula kilichobaki kuwa kosa, lakini shibe ya mtoto inastahili kuaminiwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku: rede, kamba na mpira vinafaa. Usimpunguze uzito kwa kumnyima chakula. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu.