Namna ya Kuchagua Laptopu Iliyotumika kwa Ajili ya Kutengeneza Muziki

Wauzaji wa laptopu zilizotumika hupenda kuanza na stika ya "i7", kana kwamba ikishatajwa hiyo maneno yamekwisha. Kwa mtu anayetengeneza muziki, kinachosema mengi zaidi ni namba inayofuata. Prosesa ya Core i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016, ina viini viwili tu (viini ndivyo sehemu zinazofanya hesabu), ilhali i5-8250U, iliyotoka mwaka uliofuata, ina viini vinne. Anayeongeza fedha kwa ajili ya ile saba huondoka na mashine iliyo dhaifu zaidi. Nisingeshuka chini ya kizazi cha 8 cha Intel, yaani namba inayoanza na 8 baada ya kistari, kama hiyo 8250U, kwa kuwa Windows 11 imeziacha nje karibu prosesa zote za kabla yake, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa Apple, MacBook Air yenye chipu ya M1, ya mwaka 2020, haina feni kabisa, na anayerekodi mwimbaji katika chumba hichohicho ataielewa thamani ya ukimya huo.

RAM ya gigabaiti 8 humtosha anayepanga biti na kurekodi sauti chache. Anayetumia ala zilizorekodiwa noti kwa noti, kama piano au vinanda vya okestra, atafute 16, na kabla ya kununua aulize iwapo RAM hiyo imelehemewa kwenye ubao mama, kwani iliyolehemewa haiongezwi. Diski iwe ya SSD. Hapo hapana mjadala.

Jaribio lenyewe ndilo lisilopaswa kuharakishwa. Nenda na hedifoni zako pamoja na flashi yenye programu unayoitumia na wimbo wako mzito kuliko zote, kisha, katika mipangilio ya sauti ya programu hiyo, uweke bafa, yaani ukubwa wa kipande cha sauti ambacho mashine hukiandaa kwa mkupuo mmoja, kwenye sampuli 128 (sampuli ni vipimo vidogovidogo vinavyounda sauti). Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, mashine inapewa takriban milisekunde 3 kumaliza hesabu za kila kipande cha sauti, na ikichelewa hata mara moja utasikia mlio mfupi, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Acha wimbo ujirudie kwa dakika 20, kwa sababu laptopu iliyojaa vumbi huanza vizuri, ikapata joto, kisha prosesa ikajipunguzia kasi yenyewe. (Muuzaji asiyekupa dakika 20 amekwisha kukujibu.) Mikwaruzo ikitokea, zima Wi-Fi, ikikoma, huenda tatizo ni dereva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa hicho cha Wi-Fi, ambayo hubadilishwa bila gharama, na hilo si sababu ya kuikataa mashine. Chomoa chaja na uirudishe huku ukisikiliza, maana zipo laptopu zinazoingiza mvumo kwenye hedifoni zikiwa kwenye umeme. Jaribu kila tundu la USB kwa kuligusagusa kidogo, kwa kuwa kifaa cha kuingizia sauti kikikatika katikati ya kurekodi, pumzi nzuri ya mwimbaji hairudi.

Kuhusu betri, amri ya powercfg /batteryreport katika Windows huonyesha uwezo wa awali na uwezo uliobaki. Mwisho, mwenye mashine atoe akaunti yake mbele yako, hasa ikiwa ni ya Apple, uiwashe upya na uhakikishe kwamba haidai nenosiri la mtu mwingine kabla hujalipa.