Linux ikigoma kuwaka kwa sababu ya diski
Kompyuta ya Linux ikikwama inapowaka, ikangoja sekunde 90 kisha ikakutupa kwenye hali ya dharura, usikimbilie kusakinisha upya. Mara nyingi kosa ni mstari mmoja tu ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka: diski imeondolewa, au imefomatiwa na UUID yake (namba ya kuitambulisha) ikabadilika. Ingiza nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo), andika `mount -o remount,rw /` ili uweze kuhariri faili hilo, kisha linganisha UUID zake na zile zinazoonyeshwa na `blkid`. Kwenye mstari wa diski ya nje weka `nofail`, ili diski hiyo ikikosekana kompyuta iendelee kuwaka. Mimi huiweka kwa kila diski isiyobeba mfumo wenyewe. Na kabla ya kuwasha upya, tafadhali endesha `findmnt --verify`, amri inayokagua fstab. Mara nyingi hunasa hata kosa la herufi moja ambalo jicho limeliruka.