SOMO: Kupogoa nyanya za nyumbani, hatua kwa hatua. Soma lote kabla hujauliza

Wakuu, salaam. Naletewa picha za mche wa nyanya uliojaa majani, na chini yake swali ni lile lile: "Mbona hauzai, nikate wapi?" Nimeshajibu hadi nimechoka kurudia maneno yale yale, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja. Ukiniuliza kitu ambacho kimo humu, nitakutajia namba ya hatua tu.

Tuelewane kwanza. Kupogoa hakuongezi idadi ya nyanya. Mche ulioachwa na matawi yake yote mara nyingi huzaa matunda mengi zaidi, ila madogo, na huchelewa kuiva. Unapogoa ili upate matunda makubwa yanayowahi, ili hewa ipite katikati ya majani na bakajani, yaani ugonjwa wa madoa ya majani, lisipate makao, na ili miche kadhaa ienee kwenye kibaraza kidogo. Kama una eneo kubwa na magonjwa hayakusumbui, unaweza kuiacha ijitawale na usijutie.

Hatua ya 1: Ijue aina yako. Kuna nyanya fupi na nyanya ndefu. Fupi hufika kimo fulani, shina likaishia kwenye kichala cha maua, basi. Mazao yake mengi yako kwenye matawi ya pembeni, kwa hiyo ukiyatoa matawi hayo umetupa mavuno yako mwenyewe. Kwa fupi, toa machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza na majani yanayogusa udongo, kisha weka makasi chini. Ndefu huendelea kurefuka mpaka hali ya hewa au ugonjwa uisimamishe, na hiyo ndiyo inayopogolewa. Pakiti ya mbegu huandika aina. Kama umeitupa, hesabu majani kati ya kichala kimoja na kingine: ndefu kwa kawaida huwa na matatu, fupi huwa na moja au mawili. Yote yanayofuata hapa chini ni ya ndefu.

Hatua ya 2: Chombo. Ndoo ya lita 20 kwa mche mmoja, yenye matundu chini.

Hatua ya 3: Kuhamisha mche. Toa majani ya chini, zika shina hadi karibu na majani ya juu. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi. Isipokuwa mche uliounganishwa, yaani uliopandikizwa juu ya shina la mche mwingine: hapo kiungo kibaki juu ya udongo.

Hatua ya 4: Nguzo. Isimike siku ile ile unayopanda. Ukisubiri mche ukue, utachoma mizizi.

Hatua ya 5: Kufunga. Kamba laini, ipitishe kwa umbo la namba nane kati ya shina na nguzo, uache nafasi ya shina kunenepa.

Hatua ya 6: Tambua unachotaka kukata. Hapa ndipo miche inapoharibiwa, kwa hiyo nisomeni taratibu. Kwenye shina la nyanya kuna vitu vitatu vinavyojitokeza pembeni. Cha kwanza ni jani: lina kikonyo kirefu, lina vijani vidogo pande mbili, na halina ncha inayoendelea kukua. Cha pili ni kichala cha maua: hutoka moja kwa moja kwenye shina, katikati ya jani na jani, wala si kwenye kwapa. Cha tatu ni chipukizi la kwapani: hutoka pale kikonyo cha jani kinapokutana na shina, na lina ncha yake, majani yake, na likiachwa litatoa maua yake. Hilo la tatu ndilo unaloondoa. Kabla ya kukata, weka kidole kwenye kwapa na ujiulize: chini ya hiki kitu kuna jani? Kama hakuna, toa mkono.

Hatari kubwa iko juu kabisa. Chipukizi lililo chini tu ya kichala hukua kwa nguvu sana, na ndani ya siku chache linaweza kulingana na ncha kuu kwa unene na urefu. Ukitazama unaona njia panda ya mashina mawili yanayofanana, na mwenye haraka anakata lile lililonyooka vibaya kumbe ndilo shina lenyewe. Fuata shina kutoka chini kwa kidole, usianzie juu. Ukiwa na shaka, acha siku tatu nne: kichala kitajionyesha na utajua ni lipi lililokibeba. Usipogoe ncha jioni ukiwa umechoka au mwanga umepungua. Na usimpe mtoto akusaidie sehemu hii, hata kama majani ya chini anayatoa vizuri.

Hatua ya 7: Kukata. Chipukizi lenye sentimita 5 hadi 10 livunje kwa vidole, livutwe upande mmoja kisha wa pili, litatoka lenyewe. Lililonenepa kuliko penseli tumia kisu kikali. Fanya hivyo asubuhi baada ya umande kukauka, ili kidonda kikauke mchana. Majani yakiwa na maji usiguse mche kabisa, kwa sababu vimelea vya ukungu na bakteria husafiri na maji hayo kutoka mche hadi mche. Rudia kila wiki. Ukikuta chipukizi limeshakuwa tawi kubwa, usiling'oe lote kwa siku moja: kata ncha yake, acha majani mawili. Majani hayo yatalisha mche na kufunika matunda.

Hatua ya 8: Majani ya chini. Yatoe polepole, mawili au matatu kwa mara moja, mpaka sentimita 30 za chini ziwe wazi. Usitoe majani yaliyo juu ya kichala chenye matunda mabichi. Nyanya iliyozoea kivuli ikifunuliwa ghafla huungua na jua: upande mmoja unakuwa mweupe, unalainika, kisha unaoza. Na jani ndilo linalotengeneza sukari ya tunda. Mche wenye majani machache huzaa nyanya zisizo na ladha.

Hatua ya 9: Kukata ncha kuu. Ua huchukua takribani wiki sita hadi nane kuwa tunda lililoiva. Kwa hiyo wiki hizo kabla ya msimu wako kwisha, kata ncha, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho.

Maswali karibuni.

---

Jirani_wa_Kijani: Mkuu somo refu sana sijamaliza. Mimi zangu ni fupi, nimetoa machipukizi yote jana. Sasa nasubiri maua mangapi?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Jirani_wa_Kijani: Nimesoma sasa. Kwa hiyo nimeharibu?

Mwandishi: Umepunguza mavuno, hujaua mche. Acha usikate kitu tena, mwagilia, machipukizi mapya yatatoka. Hayo yaache.

Binti_Udongo: Asante kwa somo, mwalimu. Nina swali la kutaka kujua tu. Kwa nini chipukizi la chini ya kichala liwe na nguvu kuliko yale mengine? Yote si yanatoka kwapani?

Mwandishi: Dada, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Tunachokiita shina kuu la nyanya, kwa kweli si shina moja. Ncha ikifika mahali fulani hugeuka kuwa kichala cha maua na kazi yake inaishia hapo. Kinachoendelea kupanda juu ni chipukizi la kwapa la jani lililo karibu kabisa na kichala hicho. Linachukua nafasi, linasukuma kichala pembeni, linatoa majani matatu, kisha nalo linaishia kwenye maua, na jingine linapokea. Ukitazama mche mrefu unaona machipukizi yaliyopokezana kama wakimbiaji wa kijiti. Kwa hiyo sehemu ile ya juu ndiko nguvu ya mche iliko, na chipukizi linalofuata hapo nalo linafaidi.

Na nyanya fupi zimetokana na hapo hapo. Mwaka 1914 huko Florida, Marekani, ulionekana mche uliojisimamisha wenyewe: mabadiliko ya jeni moja tu yalifanya kupokezana huko kukome mapema. Nyanya nyingi za viwandani zinazovunwa kwa mashine leo zina jeni hiyo, kwa sababu mche mfupi unaoivisha matunda karibu kwa pamoja ndio mashine inauweza.

Binti_Udongo: Kumbe ndiyo maana umesema tuhesabu majani matatu! Nimeenda kuhesabu, ni matatu kweli.

Mwandishi: Umefanya vema kwenda kuangalia mwenyewe. Basi zako ni ndefu.

Mzee_wa_Bustani: Babu yangu hakuwahi kupogoa nyanya maisha yake yote na alivuna vizuri. Haya mambo mnayakuza tu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Sijasema asiyepogoa havuni, rudia aya ya pili. Aliyepanda shambani kwenye nafasi na upepo hana shida ya mtu mwenye ndoo tatu ukutani. Somo ni la huyo wa ndoo.

Mzee_wa_Bustani: Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Kibaraza4: Mkuu nimekata ncha kuu kwa bahati mbaya. Picha hiyo hapo. Ning'oe nipande upya?

Mwandishi: Usiing'oe. Naona kwenye picha kuna chipukizi kwenye kwapa la jani la juu kabisa. Liache, lifunge kwenye nguzo likiwa bado laini, toa mengine yote. Ndilo shina lako jipya. Utachelewa wiki mbili tatu, basi.

Mpenda_Kachumbari: Zangu zina maua mengi ila yanadondoka. Nimeongeza samadi mara mbili lakini wapi.

Mwandishi: Acha samadi. Naitrojeni ikizidi mche unajenga majani na kusahau matunda. Halafu angalia joto. Mchana ukipita nyuzi 35 za Selsiasi, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, chavua hupoteza nguvu na ua linadondoka. Weka kivuli chepesi saa za jua kali. Na kama miche iko ndani ya nyumba pasipo upepo wala nyuki, gonga kichala kwa kidole karibu na saa sita mchana. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, linahitaji kutikiswa tu.

Mpenda_Kachumbari: Na zile mbili zilizoshika zimeoza chini. Nimeambiwa niweke chumvi ya Epsom.

Mwandishi: Usiweke. Huko ni kuoza kitako, na chanzo chake ni madini ya kalisi (kalsiamu) kutofika kwenye tunda. Chumvi ya Epsom ni magnesi (magnesiamu), na magnesi hushindana na kalisi mizizini, kwa hiyo unaweza kuongeza tatizo. Mara nyingi kalisi imo udongoni ila husafiri na maji, na wewe unamwagilia leo, unasahau, kisha unafurika keshokutwa. Weka matandazo, mwagilia kwa mpangilio. Yaliyooza yatoe. Maganda ya mayai huoza polepole mno kuokoa msimu huu.

Fundi_Seremala: Mimi navuta sigara. Nimesikia nisishike nyanya. Ni kweli au ni maneno ya watu?

Mwandishi: Ni kweli, na asante kwa kuuliza kabla ya kushika. Nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, na kirusi cha batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, huweza kukaa kwenye tumbaku iliyokaushwa kwa miaka. Kinaingia kupitia vidonda vidogo, na kupogoa ni kutengeneza vidonda. Nawa kwa sabuni vizuri. Wakulima wa vibanda vya kioo huchovya pia mikono na visu kwenye maziwa yasiyo na mafuta, kwa kuwa protini ya maziwa hukizuia kirusi kuambukiza.

Fundi_Seremala: Na makasi?

Mwandishi: Kati ya mche na mche, futa kwa spiriti ya asilimia 70. Hiyo ni kwa bakteria na ukungu. Ukishuku kirusi, chovya kwenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe (si sabuni), sehemu moja kwa tisa za maji, kisha suuza, maana inakula chuma. Ndiyo sababu napendelea vidole kwa machipukizi madogo: ukivunja vizuri unagusa chipukizi unalotupa, hugusi kidonda.

Kibaraza4: Machipukizi ninayotoa nayatupa?

Mwandishi: Yale ya sentimita 10 hadi 15 yaliyo mazima usiyatupe. Toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali. Ndani ya wiki moja au mbili yanatoa mizizi, unapanda. Yatazaa nyanya zile zile za mama yake, na yatawahi kuliko mbegu. Ila mche mama ukiwa mgonjwa, watoto nao ni wagonjwa.

Mgeni_Hapa: Jamani nyanya zangu hazizai nikate wapi?

Mwandishi: Anza kusoma juu. Ukifika Hatua ya 1, niambie ni fupi au ndefu, tutaendelea.

Binti_Udongo: Mwalimu la mwisho. Nikishakata ncha, yakibaki mabichi msimu ukaisha nifanyeje?

Mwandishi: Yaliyofikia ukubwa wake na kuanza kung'aa, kijani kikielekea weupe, yataiva nje ya mche. Yaweke kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoamsha kuiva. Jua halihitajiki, joto la kawaida la nyumba linatosha. Likizidi nyuzi 30 rangi nyekundu haijengeki vizuri, unapata rangi ya machungwa. Madogo yenye kijani kizito hayataiva, hayo pika achari. Na usiyaweke kwenye friji kabla hayajaiva, baridi ya chini ya nyuzi 10 huua harufu na ladha.