Umegusa bayosi na laptop ikakataa kuwaka? Usikubali iformatiwe bado

Hizi laptop za ex-UK zimejaa hapa Kisumu na wengi wetu tukishanunua kitu cha kwanza ni kuingia bayosi (BIOS, zile settings za mashine kabla Windows haijaanza) tuweke Windows na flash, sasa umebadilisha kitu, ukasevu, na mashine imegoma. Ukiipeleka mjini kuna fundi atakuambia diski imekufa ama lazima aformati. Wacha kwanza.

Angalia imegoma aje. Kama logo inatokea halafu maandishi kama No bootable device, motherboard iko sawa na mara nyingi mafaili yako yako salama, ni vile tu mashine haioni pa kuanzia. Kama ni giza tupu, toa chaja, toa betri kama inatoka, finya pawa ishikilie sekunde 30 hivi, rudisha chaja uwashe. Feni inazunguka na skrini nyeusi? Jaribu kuichomeka kwa TV na HDMI uone kama picha itatokea huko.

Ikileta logo, rudi bayosi: HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1, Lenovo zile zingine mara nyingi F2, unaigonga gonga mara tu unapowasha, usingoje. Rudisha kile ulichogusa, hicho tu. Watu hukimbilia F9 ya kurudisha settings za kiwandani, mi huiacha mwisho, juu kama Windows yako iliwekwa kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) na F9 ikaweka UEFI (njia mpya), umejiongezea shida juu ya shida.

Vitu vitatu ndio huleta hii noma. Legacy na UEFI: diski iliyopangwa kwa MBR (mpangilio wa zamani) inataka Legacy, ya GPT (mpangilio mpya) inataka UEFI, basi. Ya pili ni SATA, settings ya vile mashine inaongea na diski, ukitoa kwa RAID ukaweka AHCI ama kinyume chake, Windows inaanza kidogo halafu skrini ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na dawa ni kurudisha vile ilikuwa tu. Ya tatu Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, hii ukiizima BitLocker (kufuli ya Windows ya diski) inaweza kuamka ikuitishe namba ya tarakimu 48. Usibahatishe, irudishe on kwanza uone kama itanyamaza, na ikiendelea ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi hiyo namba imehifadhiwa huko.

Kabla ya kila badiliko piga skrini picha na simu, aki inasaidia.

Ikikataa hata kuingia bayosi ndio unafungua chini. Chomoa betri kubwa kwanza, halafu utafute kile kibetri kidogo cha CMOS (kinachoshikilia settings za bayosi), mara nyingi ni CR2032 imefungwa plastiki na waya mbili, kichomoe dakika kadhaa urudishe. Laptop mpya nyingi hazina hicho kibetri. Na kama shida yako ni pasiwedi ya bayosi, kwa ThinkPad hiyo haiondoki hivyo, rudi kwa aliyekuuzia.